Dini zenye taasisi zina kesho, ila si zote: jibu la katibu wa usharika

Mkuu, umeuliza kama dini hizi zenye viongozi, majengo, sadaka na vyeti bado zina nafasi katika zama hizi za sayansi na simu, au kila mtu abaki na Mungu wake moyoni. Umeuliza pia kama kuna haja ya kumlea mtoto wako ndani yake. Wengi waliokujibu wameishia kubishana kama Mungu yupo. Mimi nitajibu ulichouliza. Nimekuwa katibu wa usharika kwa muda mrefu. Nimeshika daftari za ubatizo, za mazishi, za mapato na matumizi, na za zamu za wagonjwa. Naona dini hizi zina kesho, lakini si zote, na kitakachoamua si sayansi.

Umesema ni suala la muda tu zitoweke. Utabiri huo una umri mkubwa kuliko sisi sote. Mwaka 1793 wanamapinduzi wa Ufaransa waligeuza Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, kuwa Hekalu la Akili. Ilipofika 1801 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alikuwa ameshawekeana mkataba na Papa wa kulirudishia Kanisa nafasi yake. Mwaka 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi la Moscow lilibomolewa na serikali ya Kikomunisti, baadaye pakajengwa bwawa la kuogelea. Leo kanisa limesimama palepale, liliwekwa wakfu upya mwaka 2000. Albania ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967, na kufikia mwisho wa 1990 watu walikuwa wanasali hadharani tena. Hao walitumia nguvu za dola. Kwa upande wa wasomi, Peter Berger, mwanasosholojia mkubwa wa Marekani, alitabiri miaka ya 1960 kwamba kufikia karne ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vidogo. Mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba mambo hayakwenda hivyo, dunia bado ni ya kidini sana. Namheshimu kwa hilo.

Lakini kusema hakuna kinachotokea ni kujidanganya. Katika sensa ya England na Wales, waliojiita Wakristo walikuwa asilimia 59.3 mwaka 2011. Mwaka 2021 wakashuka hadi 46.2. Marekani, shirika la kura za maoni la Gallup lilikuta asilimia 70 ya watu wazima ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti mwaka 1999. Mwaka 2020 walikuwa 47, chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu waanze kuuliza swali hilo mwaka 1937. Wakati huohuo, kwa dunia nzima, karibu watu watatu kati ya wanne bado wanajitambulisha na dini fulani, na Uislamu unaongezeka kwa kasi, sehemu kubwa kwa watoto wanaozaliwa. Kuzaliwa ndani ya dini ni jambo moja, kubaki ukiwa mtu mzima mwenye uhuru wa kuondoka ni jingine. Huko kuondoka ndiko tunapaswa kukutazama.

Sasa nije kwenye ninachokijua kwa macho yangu.

Mzee mmoja wa usharika wetu alipigwa na kiharusi, upande mzima wa mwili ukalala. Mke wake alikuwa mtu wa mwili mdogo na umri umeenda, hawezi kumgeuza. Mgonjwa wa namna hiyo asipogeuzwa kila baada ya saa chache hutoka vidonda kwenye mgongo na nyonga. Siku za mwanzo nyumba ilijaa watu, kila mmoja ana maneno mazuri. Kisha wakapungua, kama kawaida, maana watu wana kazi na watoto. Hapo ndipo nilipofungua daftari nikachora mistari: siku, saa, majina mawili mawili, na kila zamu iwe na mtu mmoja mwenye nguvu za kuinua. Zamu moja ya usiku iliwaangukia wanaume wawili waliokuwa wamegombana kwenye kikao cha ujenzi hadi hawasalimiani. Walikuja wote wawili. Mmoja akashika mabega, mwingine nyonga, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakamlaza ubavu, wakampachika mto katikati ya magoti. Sikuwasikia wakizungumza neno jingine. Wiki iliyofuata wakaja tena.

Watu wanaposema "napenda imani lakini sipendi dini", nalikumbuka daftari lile. Wanachokikataa ni vikao, orodha, katibu, michango, kuambiwa leo ni zamu yako. Kutoa ni moyo, nakubali. Lakini moyo huchoka, na ukichoka, jina lako kwenye orodha ndilo linalokuinua kitandani. Uislamu unalijua hili tangu mwanzo: zaka haikuachwa kwa huruma ya mtu siku hiyo ameamkaje, ina kiwango, na makundi manane ya wanaostahili kuipokea yametajwa ndani ya Kurani. Kule Amritsar, India, Hekalu la Dhahabu la Masingasinga hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, bure, bila kuuliza dini ya mtu, na wanaojitolea wanaosha vyombo mchana na usiku. Hisia peke yake haiwezi kuendesha jiko la ukubwa huo hata wiki moja.

Nina rafiki aliyeacha kusali nasi zamani. Anasema Mungu wake hahitaji mtu wa kati, na kwa tabia ni mwema kuliko baadhi ya wanaokaa viti vya mbele. Mke wake alipougua ugonjwa mrefu, simu yake ilijaa jumbe za pole. Mtu wa kukaa na mgonjwa usiku ili yeye apate kulala akakosekana. Alinipigia, tukamwingiza kwenye zamu kama tungemwingiza msharika yeyote. Hajarudi ibadani mpaka leo, na sijamdai hilo.

Wapo waliojaribu kupata matunda haya bila Mungu. Mwaka 2013 wachekeshaji wawili walianzisha London mkusanyiko wa Jumapili uitwao Sunday Assembly: nyimbo, hotuba, chai, kusaidiana, bila imani. Ulisambaa upesi kwenye miji ya nchi nyingi, kisha vikundi vingi vikafungwa. Siwabezi hata kidogo; walikuwa wanatafuta kitu cha kweli. Lakini mtafiti Richard Sosis aliwahi kuchambua jumuiya 200 za Marekani za karne ya 19, ambamo watu walihamia kuishi pamoja, akakuta zile za kidini zilidumu zaidi kuliko zisizo za kidini. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba za kidini zilizodai mengi kwa watu wake, kama kuacha pombe au kutoa mali, ndizo zilizodumu zaidi. Zisizo za kidini hazikupata faida hiyo. Nami nimeona hivyohivyo kwa udogo wake. Vijana wetu hawakimbii kazi. Ukiwapa kazi ngumu yenye maana wanakuja. Ukiwapa burudani wanakwenda kwenye burudani bora zaidi, ambayo haikosekani.

Basi kwa nini wanaondoka? Nimekaa na wengi walioondoka, kwa sababu barua za kuhama na za kujitoa hupitia kwangu na huwa naomba tuzungumze. Hawanitajii mageuzi ya viumbe wala umri wa dunia. Wananitajia fedha zisizosomwa hadharani. Wananitajia kiongozi aliyefanya jambo baya akahamishwa badala ya kuwajibishwa. Ufaransa, tume huru iliyoundwa kwa ombi la maaskofu wenyewe ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wapatao 216,000 walidhalilishwa kingono na mapadri na watawa tangu mwaka 1950. Soma tena idadi hiyo, mkuu. Hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuipiga dini pigo kama hilo, na waliolipiga walikuwa ndani.

Kwetu nako liliwahi kuja lalamiko la binti dhidi ya mtu mwenye cheo. Baadhi ya wazee walitaka liishe chumbani, wakatumia maneno matakatifu kabisa: kusitiri, kusamehe, kulinda jina la kanisa. Mama mmoja mzee, asiyezungumza vikaoni, akauliza, "Na jina la mtoto linalindwa na nani?" Kikao kilinyamaza. Suala likapelekwa polisi. Tulipoteza familia kadhaa zilizokuwa upande wa yule bwana, na sadaka ilishuka kweli. Lakini wazazi wengine wenye mabinti walibaki, na nilijua kwa nini wamebaki.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali lako. Taasisi ile ile inayoweza kupanga zamu ya kumgeuza mgonjwa inaweza kupanga kimya cha kumficha mhalifu. Uwezo ni mmoja. Zitakazobaki ni zile ambazo watu wake wana ujasiri wa kufungua daftari zote mbili, la fedha na la malalamiko. Nyingine zitadumu kama majengo, labda na viongozi matajiri kwa kizazi kimoja au viwili, kisha watoto watauza viti.

Kuhusu mtoto wako: ningempeleka, lakini si popote. Nenda kwanza wewe, siku ya kawaida isiyo ya sikukuu. Uliza hesabu za mwaka jana zilisomwa lini na nani alizikagua. Uliza mtu akilazwa hospitali nani anajua, na anajuaje. Uliza mtoto akiguswa vibaya anakwenda kwa nani, na huyo naye akiwa ndiye mhusika, anakwenda kwa nani mwingine. Wakikujibu bila kukasirika, kaa. Wakikuambia unaingiza shetani kwa kuuliza, mshike mwanao mkono mwondoke, mkatafute kwingine.

Na kama kuna mwenye kikundi chochote, cha kidini au kisicho cha kidini, anayetaka kujua tunavyopanga zamu za wagonjwa bila watu kuchoka, aulize hapa, nitaandika kwa kirefu.