Usivitupe vitabu vya filamu, ila angalia kwanza mwaka wa kuchapwa

Mkuu, umeuliza kama kuna faida yoyote ya kubaki na lile boksi la vitabu vya kupiga picha za filamu ulilorithi pamoja na kamera ya baba yako mdogo, au uvitupe tu kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mimi nilijifunzia kwenye vitabu vya aina hiyo na bado ninavyo vinne, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Waandishi wa vitabu vile walijua kwamba msomaji wao ana picha 36 tu kwenye mkanda na hataona alichopata mpaka filamu isafishwe, pengine wiki mbili baadaye. Ndiyo maana karibu kila ukurasa unahusu uamuzi unaofanya kabla ya kubonyeza. Video nyingi za leo zinakufundisha jinsi ya kurekebisha ukishaharibu.

Chukua lile jedwali la jua, ambalo hata watengenezaji wa filamu walikuwa wakilichapa kwenye karatasi iliyokuja na mkanda. Jua kali: kitundu cha lenzi f/16, spidi ya shata iwe namba ya filamu yenyewe, yaani filamu ya ASA 100 (ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) unaipiga kwa 1/100 au 1/125 ya sekunde. Hiyo kila mtu anaijua. Watu wanachosahau ni kwamba vitabu vizuri havikukuambia utazame mbingu, vilikuambia utazame kivuli. Kivuli kina ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe? f/16. Ukingo umelainika? f/11. Kivuli unakiona kwa kukitafuta? f/8. Hakuna kivuli kabisa? f/5.6. Nilipoanza nilikuwa natembea huku nikitazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi, nasoma vivuli vya nguzo na vya wapita njia. Baada ya miezi kama miwili nikawa nakisia mwanga kabla sijainua kamera, na nikikosea ni nusu hatua tu (hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu, kama kutoka f/16 kwenda f/11).

Ujuzi huo uliniokoa, kwa sababu kamera yangu ya kwanza ilikuwa na kipima mwanga kilichotaka betri ya zebaki ya volti 1.35, ambazo haziuzwi tena. Niliweka betri ya kawaida ya volti 1.5 na sindano ikaanza kudanganya. Shata yenyewe ilikuwa ya springi, haihitaji umeme wowote, basi nikaitoa betri na kuendelea na vivuli vyangu. Kama kamera ya baba yako mdogo ni ya miaka ya 60 au 70, fungua kifuniko cha betri uone inataka nini kabla hujakiamini kipima mwanga chake.

Sasa mwaka wa kuchapwa. Kitabu changu kimoja ni cha miaka ya 50, na ndani yake Tri-X, filamu ya Kodak ya nyeusi-na-nyeupe, imeandikwa ASA 200. Boksi la filamu mkononi mwangu lilisema 400. Mimi kwa ujuaji wa kijana nikasema kitabu hakikosei, huenda kiwandani wanatia chumvi. Nikapiga mkanda mzima kwa 200. Negativu zikatoka nzito, nyeusi tii kwenye sehemu za mwanga, na picha nilizochapa zikawa na chembechembe kama mchanga. Baadaye ndipo nikaelewa: mwaka 1960 Wamarekani walibadilisha kanuni ya kupima wepesi wa filamu nyeusi-na-nyeupe, wakaondoa akiba ya usalama iliyokuwa ndani ya hesabu, namba zikapanda karibu mara mbili bila filamu yenyewe kuguswa. Kwa hiyo kwenye kitabu cha kabla ya 1960, kanuni za mwanga chukua zote, lakini namba za filamu soma kwenye boksi.

Flashi ndiko vitabu hivi vinakowashinda walimu wengi wa sasa. Kila flashi ina namba yake ya mwongozo. Igawe kwa umbali wa mtu wako, unapata kitundu. Namba 28 kwa mita na ASA 100, mtu yuko mita 3.5: f/8. Basi. Natumia hesabu hiyo hiyo hadi leo kwenye kamera ya dijitali na flashi ya bei ya chini isiyo na otomatiki yoyote. Alama za umbali kwenye lenzi za zamani nazo zisikupite: lenzi ya milimita 50 kwenye f/16, ukiiweka mita 5, kila kitu kuanzia kama mita 2.5 hadi mwisho wa upeo kitakuwa na ukali wa kutosha. Unapiga bila kugusa fokasi.

Kuna mahali vitabu vile vilitusahau, na hilo sitalifunika. Karibu vyote vinasema pima mwanga kwenye uso, kisha ongeza hatua moja. Ushauri huo uliandikwa kwa uso mweupe. Kipima mwanga hutaka kugeuza kila kitu kuwa kijivu cha wastani, kwa hiyo ukipima uso mweusi na bado ukaongeza hatua, ngozi inapauka na sivyo ilivyo. Ukipima eneo zima lenye ukuta mweupe nyuma, uso unazama gizani. Kiganja ndicho kilichonisaidia. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso, kwa hiyo napima kiganja changu kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtu, naongeza hatua moja, na ngozi yake inatoka na rangi yake.

Upande wa chumba cha giza, kitabu chenye fomula ni mali. D-76, dawa ya Kodak ya kusafishia filamu, ni ya mwaka 1927 na bado inatumika: kwa lita moja, metoli gramu 2, sodiamu salfaiti 100, haidrokwinoni 5, boraksi 2. Kitabu changu kinasema utangulize chembe kidogo za salfaiti, kisha metoli, halafu ndipo salfaiti iliyobaki. Mara ya kwanza niliuruka mstari huo nikamimina salfaiti yote, na metoli ikakataa kuyeyuka, nikakoroga mpaka mkono ukachoka. Lakini ukikuta sura ya kukoleza negativu kwa kloridi ya zebaki, ipite. Ni sumu, na siku hizi hakuna sababu ya kuigusa.

Nyakati za kusafisha zilizomo usizifuate kwa kila filamu, maana filamu nyingi zimebadilishwa tangu hapo. Orodha za kamera na bei hazina kazi. Kurasa zinazosifu aina fulani ya lenzi zilikuwa matangazo tangu siku zile.

Chukua vitabu vyako kimoja kimoja, fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, andika hapa mwaka wa kila kimoja na kama kina majedwali ya mwanga au fomula za dawa. Na uangalie pembeni mwa kurasa. Kama baba yako mdogo alikuwa anaandika kwa penseli dakika na joto la maji alilotumia, anza na hicho.