Maswali ya Samaki: Albino Katoka Kwa Nani?

Meseji za wiki hii karibu zote ni albino, albino, basi tuzimalize kwa mkupuo.

Brichardi wangu wawili (samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika) ni wa rangi ya kawaida ila vifaranga watatu wametoka weupe macho mekundu. Jike ndiye ana kasoro, nimbadilishe? (Ujiji)
Dume naye kabeba. Jeni ya ualbino inajificha, samaki anachukua moja kwa baba moja kwa mama, akipata moja tu rangi inabaki ya kawaida na wewe hujui kitu mpaka akutane na mwenzie aliyebeba hiyohiyo, hapo kwa wastani katika kila vifaranga wanne mmoja anatoka mweupe. Wastani jamani, sio mkataba. Na hili la "jike ndiye" limenichosha, kila mara naulizwa, kwa sababu ndio tunayoyafanya majumbani, anazaliwa mtoto mwenye ualbino mama anarudishwa kwao, baba kakaa anajifanya hahusiki. Kwa watu pia inatoka kwa wazazi wote wawili, muelewane na wake zenu.

Nimepandisha albino na wa kawaida, vifaranga wote wa kawaida. Nimeibiwa? (Gungu)
Hujaibiwa, wote hao wamebeba. Mmoja ukimpandisha na albino, karibu nusu watatoka weupe. Ila usimrudishe kwa mzazi wake kila kizazi, utaanza kuona migongo imepinda halafu unaniandikia kuulizia dawa.

Gapi wangu dume albino, jike albino, wamezaa wenye rangi! (Ipuli, Tabora)
Jike ulimtoa dukani kwenye tangi la mchanganyiko, si ndio? Gapi jike anatunza mbegu za dume miezi kadhaa, hao ni watoto wa dume aliyebaki dukani. Majike watenge wakiwa wadogo. Kama kweli hakuwahi kukaa na dume mwingine, basi ualbino wa mmoja ni wa jeni hii na wa mwenzie ni jeni nyingine, watoto wanapata nzima kila upande.

Wangu mweupe ila macho meusi.
Huyo si albino. Anayefuata.

Nauziwa vifaranga vya rangi ya kawaida bei mara mbili, eti "vimebeba". (Isevya)
Uliza wazazi. Kama mmoja ni albino, lipa, vyote vimebeba. Kama wazazi wote ni wa kawaida na kilichotoka ni ndugu albino tu, basi kwa wastani wawili kati ya watatu ndio wamebeba na kwa macho huwatofautishi. Kupima ni kumpandisha na albino: akitoa vifaranga kumi wote wa kawaida, uwezekano kwamba kabeba unabaki kama 1 kwa 500 tu. Muuzaji asiye na daftari la wazazi anakuuzia maneno.

Albino dukani analeta bahati?
Haleti. Na anayekwambia hivyo kuhusu samaki kesho atakwambia kuhusu watu, na yaliyowakuta watu nchi hii tunayajua.

Vifaranga vimenizidi, nivimwage ziwani pale Kibirizi?
Usithubutu! Samaki wa tangi ana magonjwa ya tangi, na wengi mmechanganya mbegu za mwambao huu na ule, sasa unataka kuwarudishia samaki wa Tanganyika ambao sehemu kubwa hawapo popote pengine duniani? Mweupe ataliwa mapema, sawa, lakini nduguze waliobeba watabaki wanazaana. Gawa bure, ukikosa mtu mtafute mwenye oska, wale samaki wakubwa wanaokula wenzao, wake wana njaa muda wote.