Maswali na Majibu: Kufika Kitulo kwa Treni na Daladala

Wasomaji kadhaa wameandika wakiuliza, kila mmoja kwa namna yake, iwapo mtu asiye na gari wala fedha za kukodi anaweza kuzuru hifadhi za Nyanda za Juu Kusini, hasa Kitulo, hifadhi ya taifa yenye uwanda wa maua. Nimeyapanga maswali yao kwa kufuata mwendo wa safari yenyewe.

Tuko watatu, tunaishi Dar es Salaam. Je, tunaweza kupanda treni ya SGR hadi Mbeya kisha tukaenda Kitulo?

Hapana, kwa sababu safari za SGR, yaani reli ya kisasa, zilizoanza mwaka 2024 huelekea Morogoro na Dodoma. Treni inayokuja kwetu Nyanda za Juu Kusini ni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Stesheni yake iko Barabara ya Nyerere, mbali na ile ya SGR iliyo katikati ya jiji, na wapo watu waliokosa safari kwa kuamini kwamba stesheni ni moja. Treni za abiria haziondoki kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizeni stesheni katika juma lilelile mnalokusudia kusafiri.

Behewa la daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne na la pili vyumba vya vitanda sita. Wanaume na wanawake hutenganishwa, isipokuwa chumba kizima kikatiwe tiketi na watu wanaosafiri pamoja. Treni ikienda kwa wakati, mtapita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere siku ya kwanza kabla ya giza, na asubuhi ya pili mtakuwa mkipanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako, kipande chenye mahandaki 18 na madaraja marefu juu ya mabonde. Kwa maoni yangu kipande hicho peke yake kinatosha kuwa sababu ya kuliacha basi, ingawa basi hufika mapema zaidi.

Nikishuka Mbeya, nitafikaje Kitulo bila kukodi gari?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hupanga safari ya milimani kana kwamba ni safari ya mjini. Stesheni ya TAZARA iko upande wa magharibi wa jiji, ilhali Chimala, mahali pa kuanzia kupanda mlima, iko upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 78 kwa barabara kuu ya Dar es Salaam. Daladala za Uyole zinazopita mbele ya stesheni hazikosekani mchana. Ukifika Uyole unabadili na kuchukua kosta au basi dogo liendalo Chimala au Makambako. Ukimwambia konda tangu mwanzo kwamba unaelekea Matamba, mara nyingi atakushusha palepale penye magari ya kupanda.

Kutoka Chimala barabara hupanda ukuta wa mlima kwa kona 57, na ndiyo maana wenyeji huiita Hamsini na Saba. Usafiri wa huko hufuata saa za mkulima, si saa za mgeni: magari hushuka alfajiri yakiwa na viazi na watu wanaokwenda sokoni au hospitalini, kisha hupanda tena baada ya abiria wale kumaliza shughuli zao. Anayefika Chimala saa mbili asubuhi huenda akasubiri saa nyingi, na anayefika jioni huenda akalala hapohapo. Mimi niliwahi kufika saa kumi na moja jioni nikiwa na mkoba mdogo na matumaini makubwa, nikalala Chimala. Saa sita mchana ni wakati mzuri wa kuwa pale.

Ofisi za hifadhi ziko Matamba, katika Wilaya ya Makete. Lala hapo, kwa sababu uwanda wenye maua bado uko mbele yako, na kuufikia na kurudi kunataka siku nzima. Panga na ofisi kuhusu mtu wa kukuongoza, na ulizia usafiri wa kukusogeza juu. Malipo ya kiingilio hayapokewi kwa fedha taslimu. Uwe na kadi ya benki au salio katika simu, pamoja na kitambulisho, kwa kuwa viwango vya raia na vya mgeni wa nje havilingani.

Ni mwezi gani unaofaa?

Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, na huo ndio msimu wa mvua na utelezi. Huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Ukitaka njia kavu, nenda Septemba au Oktoba, ila utakuta nyasi. Uwanda uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku huweza kuganda barafu, hivyo wageni wa kutoka pwani wasidharau sweta.

Je, naweza kuchimba ua moja nikalipande nyumbani?

Usichimbe. Hifadhi hii, yenye kilomita za mraba zipatazo 413, ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea, na katika ukanda wa tropiki wa Afrika ilikuwa ya kwanza kuwekwa hasa kwa sababu hiyo. Kuna aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Viazi vya okidi hizo vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu kudai ulinzi. Ukishachimba kiazi, mmea haupo tena.

Nitamwona kipunji?

Yamkini hutamwona. Kipunji, aina ya kima, haishi katika uwanda wa maua, bali katika misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone iliyo sehemu ya hifadhi. Wanasayansi walianza kumtambua mwaka 2003, lakini wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari, jambo ambalo hunifanya nilitumie neno «kugunduliwa» kwa uangalifu.

Niko Mafinga. Udzungwa ni jirani, nipande nini?

Ujirani huo ni wa kwenye ramani. Sehemu ya hifadhi imo Mkoa wa Iringa, lakini lango kuu liko Mang'ula, upande wa Morogoro. Panda basi la Dar es Salaam, shuka Mikumi, kisha chukua basi la Ifakara hadi Mang'ula. TAZARA nayo ina stesheni hapo, ila ukitokea upande wetu huenda ukashushwa usiku. Faida ya Udzungwa ni kwamba hifadhi hutembelewa kwa miguu, ikiwemo njia ya maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita 170, hivyo asiye na gari hapungukiwi na kitu.

Na Ruaha?

Kuna mabasi kutoka Iringa hadi Tungamalenga, kijiji kilicho jirani na hifadhi, lakini ndani kuna simba na tembo na huwezi kutembea kwa miguu upendavyo. Changeni watu wanne au watano, mkodi gari. Treni haifiki Iringa.

Naweza kushuka kutoka Matamba asubuhi nikaiwahi treni ya kurudi siku hiyohiyo?

Gari la alfajiri laweza kukufikisha, lakini likiharibika katika Hamsini na Saba hakuna lingine nyuma yake. Shuka siku moja kabla, ulale Mbeya.