Bega la Mtoto Halisubiri Akue

*Mwanangu ana miezi minne, mkono wa kulia umelegea tangu azaliwe. Bibi yake anasema nitulie, utapona wenyewe. (Mama, Kasulu)*

Wengi waliojeruhiwa neva za mkono wakati wa kuzaliwa hupona wenyewe, na hapo ndipo bibi alipopata ushahidi wake. Lakini mtoto ambaye kufikia miezi 3 hajaweza kukunja kiwiko anapaswa kuonwa na bingwa, kwa kuwa upasuaji wa neva hufaa zaidi kabla hajatimiza mwaka. Wako amekwisha kupitiliza muda huo kwa mwezi mmoja. Anza na Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, wiki hii, uombe rufaa.

*Je, kumkanda kwa mawese ya moto na kuuvuta mkono kunasaidia? (Baba, Uvinza)*

Hapana. Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi. Mawese yabaki jikoni. Kuvuta kwa nguvu huweza kuvunja mfupa.

*Wa kwangu ana miaka mitatu. Vidole na kiwiko vinafanya kazi, ila akinywa uji kiwiko hupaa juu kama mpiga tarumbeta. Kwa nini tunaambiwa apasuliwe bega? (Mama, Urambo)*

Kiwiko hicho kinachopaa ndicho kinachoeleza tatizo: bega haliwezi kuuzungusha mkono kwa nje. Neva za juu za shingo, zinazojeruhiwa mara nyingi zaidi mabega yanapokwama wakati wa kuzaa, ndizo zinazohudumia misuli ya kuuzungusha mkono kwa nje, ilhali misuli ya kuuvuta ndani hubaki na nguvu, ikavuta bila mpinzani hadi ikakakamaa. Kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa nyuma, na kikombe cha bega, ambacho kwa mtoto bado ni gegedu (mfupa laini), hukua kikiwa bapa. Daktari hulegeza msuli uliokakamaa mbele ya bega, kisha huhamisha kano za misuli miwili, ukiwemo ule mpana wa mgongoni, ili sasa izungushe mkono kwa nje. Hufuata plasta ya wiki kadhaa na mazoezi ya miezi mingi, ambayo wazazi huyaacha mara plasta inapotolewa, kisha wakamlaumu daktari. Mkimngoja hadi kiungo kiharibike, kitakachobaki ni kuukata mfupa wa mkono na kuugeuza. Mkono utafika kichwani, lakini bega lenyewe halitanyooka.

*Baada ya upasuaji mkono utalingana na mwenzake? (Mlezi, Kigoma Mjini)*

Hautalingana. Tena, mzunguko unaoongezwa kwa nje huweza kupunguza ule wa ndani: mtoto akashika kisogo chake, akashindwa kufunga kifungo cha tumboni. Muulizeni daktari kuhusu kifungo hicho kabla ya kutia sahihi.