Ukitaka kuipenda hoki, anza na ligi ndogo

Kama umehamia Portland, jimbo la Maine, na majira ya baridi yanakutia hofu, nakushauri utafute timu ya hoki ya barafu uifuate msimu mzima. Timu yenyewe iwe Maine Mariners wa hapa mjini, wala si Boston Bruins wa kwenye televisheni. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda tupo wengi katika mji huu, lakini tukifika Cross Insurance Arena, uwanja wao, tunahesabika. Natamani tuongezeke.

Mariners wanacheza ECHL, ligi ya kulipwa ya daraja la tatu. Juu yake ipo AHL, na juu kabisa NHL. Msimu una mechi 72, kuanzia Oktoba hadi Aprili, nusu zikiwa za nyumbani, kisha mchujo wa kuwania Kelly Cup. Si lazima uende zote. Mara nyingi timu za ligi hii hucheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Ikitokea hivyo, nenda ile ya Jumapili. Miguu imeshachoka, pengine usiku wamelala ndani ya basi, na hapo ndipo utamjua mwenye moyo wa kazi.

Siku ya kwanza kaa juu kidogo, kwenye kona, ili uuone uwanja wote. Usihangaike kuifuata paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Tazama wachezaji wanakoelekea, nayo utaiona tu. Mchezaji akikosea hutolewa dakika mbili na wenzake hubaki wanne dhidi ya watano. Dakika hizo weka simu mfukoni.

Kinachowavunja moyo wageni ni kuhamahama kwa wachezaji. Tangu 2021 Mariners wana ushirikiano na Bruins wa NHL, na katikati yao ipo Providence ya AHL. Bruins wakipata majeruhi Boston, mtu anapandishwa kutoka Providence, na Providence nao wanamwita wa kwetu. Kipa uliyemshangilia Jumamosi, Jumatano hayupo. Usimlalamikie kocha, hilo haliko mikononi mwake. Kabla ya kila mechi soma orodha ya waliopanda na walioshushwa. Kwangu ndiyo habari tamu kuliko hata msimamo wa ligi. Kipa Jonathan Quick alidakia Reading Royals ya ligi hii msimu wa 2007–08, na 2012 akatwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na Los Angeles Kings, akachaguliwa mchezaji bora wa mchujo. Kipa mwingine, Jordan Binnington, naye alipitia Kalamazoo ya ligi hii hii kabla ya kutwaa kombe hilo na St. Louis Blues mwaka 2019.

Lakini kipenzi chako cha kudumu awe mchezaji mkongwe. Kanuni inaruhusu kila timu kuwa na wakongwe wanne tu kikosini, yaani waliovuka mechi 260 za kulipwa. Hao ndio wanaowashika vijana mkono timu ikipoteza mechi tano mfululizo mwezi Januari. Wanalipwa kwa wiki, tena msimu ukiendelea tu, na nyumba wanapewa na timu. Kiangazi wengi wanatafuta kibarua. Sisi tunaounganisha kazi mbili hatuhitaji kuelezwa maisha hayo, na ndiyo maana nawaheshimu sana.

Mwenye watoto aulizie mechi ya midoli, ambayo timu nyingi huiandaa karibu na Krismasi. Goli la kwanza la wenyeji likiingia, mashabiki hurusha midoli barafuni, kisha hukusanywa na kugawiwa watoto wenye shida. Desturi hiyo ilianzia Kamloops, Kanada, mwaka 1993. Nunua mdoli laini usio na betri wala plastiki ngumu, uutie kwenye mfuko usilowane, na umwachie mtoto aurushe mwenyewe.