Nilikuwa mmoja wa walioficha kofia

Dada, umeandika kwamba binti yako wa darasa la nne, mwenye ualbino, anafichwa kofia na wenzake, na mwalimu anakwambia huo ni utoto tu. Mimi nimewahi kuficha kofia ya namna hiyo. Ilikuwa 1998, shule ya msingi huko Temeke, nami nikiwa darasa la nne.

Ilikuwa ya mwenzetu wa darasani mwenye ualbino. Mwanzoni tulicheza naye vizuri tu. Kilichotuuma ni dawati. Sisi tumebanana wanne wanne, yeye kawekwa mbele kabisa, pua inakaribia ubao. Asubuhi tunafagia uwanja kwa chelewa, yeye yuko kivulini. Mstarini jua linatuwakia, yeye kashaingia darasani. Halafu mtihani wa muhula akashika nafasi ya pili! Hapo ndipo tukaikumbuka ngozi yake, maana tulihitaji jina la kumtupia.

Siku moja nikairusha kofia yake juu ya bati la choo. Ya kaki, mama yake aliishona kwa mkono. Saa nane akaenda kwao kichwa wazi. Aliporudi baada ya siku mbili, malengelenge ya shingoni yalikuwa yamepasuka na kola imegandia hapo. Kila akiinama kuandika, anaibandua kwa vidole viwili, polepole. Niliona yote, nilikuwa nyuma yake. Sikumwomba radhi mpaka tukamaliza la saba, na hilo linaniuma hadi leo.

Tulichapwa darasa zima. Tukazidi kumchukia.

Hakuna aliyetueleza kwamba haoni mbali hata akivaa miwani, wala kwamba ngozi yenye upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huungua upesi na jua linaweza kuiletea saratani. Sisi tulijua anapendelewa, basi.

Kwa hiyo usiende kuomba watoto wachapwe. Mwombe mwalimu wa darasa, binti akiridhia, atumie kipindi cha sayansi kueleza sababu ya kila anachoruhusiwa. Apewe na zamu yake ya kazi za ndani: kufuta ubao, kukusanya madaftari. Kofia ya akiba ikae kwa mwalimu.

Halafu uliza ni mtoto gani alikuwa aking'ara kabla ya binti yako, ukazungumze na mama yake kwa upole. Darasani kwetu, aliyeshushwa kutoka nafasi ya pili nilikuwa mimi.