Biti arobaini nusu nusu: yangu yalinitokea hivi

Mkuu, unasema una biti 40, yaani midundo ya nyimbo, ambazo hazijaisha, ukitoka kazini unafungua kompyuta unaishia kukodolea macho skrini mpaka usingizi ukuchukue. Nimecheka, si kwa dharau. Mimi nilikuwa na faili linaitwa "mpya_mwisho_kabisa3", ndani yake sekunde 16 za kinanda. Sekunde 16, mwaka mzima!

Niko duka la vifaa vya ujenzi, Buguruni. Nafunga saa moja jioni, nafika Mbagala saa tatu nimechoka kama vile saruji nimeibeba mwenyewe. Muziki hauniingizii hata mia, kwa hiyo maprodyuza wanisamehe.

Kilichoniokoa ni balaa. Mwaka juzi umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na kishindo, kompyuta ikaungua. Vinanda, maelfu ya sampuli, yaani vipande vya sauti, nilizopakua (nyingine za wizi, sifichi), vyote kwisha. Nikabaki na simu yenye kioo kilichopasuka na programu ya bure ya kurekodi, nafasi nne tu za sauti. Wiki ya kwanza nilinuna. Ya pili, niko kwenye daladala, konda akagonga ubavu wa gari mara mbili, pa-pa, tukaondoka. Kituo kilichofuata nikawa nimeshatoa simu namrekodi. Usiku nikaizungusha ile pa-pa ijirudierudie, nikatia besi kwa mdomo, juu yake kijiko kwenye sufuria. Mama Zai akauliza kutoka chumbani, "Baba Zai, unapika saa hizi?" Saa tano na nusu wimbo ukawa umekwisha. Dakika mbili na ushee, mbaya mbaya hivi, lakini una mwanzo na una mwisho.

Hapo nikaujua ugonjwa wangu. Mwenye sauti 600 za snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, usiku wake unakwisha kwa kusikiliza snea. Angalia vijana wa Manzese na Tandale na singeli yao, ule muziki wa kasi wa uswahilini: walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza kwenye kompyuta mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, wakaviacha vijirudie, MC akapanda juu yake kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Wangesubiri vyombo vya maana tungekuwa tunawasubiri mpaka leo.

Sasa nina kompyuta nyingine, ila sivuki sauti nne. Muziki naushika Jumanne na Ijumaa tu, dakika 40, natega kengele. Ikilia nahifadhi nafunga, tena hasa pale kitu kinaponoga, maana kesho yake nikiwa dukani napimia watu misumari huku kichwa kinaimba, na Ijumaa naiona mbali. Mwezi wa Ramadhani sigusi kabisa. Cha ajabu, Idi ikipita ndiyo natoa vitu.

Halafu kuna shemeji yangu yuko Tanga, naye anapigapiga gitaa. Kila Jumapili tunatumiana kipande kimoja WhatsApp, kiwe kimeiva au kibichi. Asiyetuma anamrushia mwenzake vocha ya buku, elfu moja. Mimi nimeshalipa mara tano, yeye mara moja, na hiyo moja alikuwa amelazwa.

Hizo 40 usizifute. Chukua moja usiku huu, zima vyombo vyote ubakize vinne, iwekee mwisho, uilete hapahapa Jumapili. Ukichelewa, namba ya kurushia buku nitakutumia.